Motere ya kamio inapiga kelele: tuweke mafuta gani?



Katika masomo yaliyopita tuliongea juu ya mbegu, mbolea na kukausha mpunga. Safari hii tunaingia chini ya kabini ya kamio. Wengine watauliza: maagronome wanatafuta nini ndani ya motere? Jibu si mbali. Tomate iliyovunwa asubuhi kule Luvungi, kisha ikalala siku tatu katika mpando wa Ngomo, haina tena bei Bukavu, hata kama ililimwa kufuatana na masomo yetu yote. Kamio ya koperative ni sehemu ya shamba. Na kamio nyingi tunazoziona ni za umri mkubwa: Fuso, Dyna, Mercedes za pua, ambazo zilifika kwetu zikiwa zimekwisha kutumika miaka mingi kwa wengine.

Kila tunapopita katika koperative, ulizo moja linarudi: «Motere inalia sana. Tukiweka mafuta mazito, si itanyamaza?» Ndiyo, mara mingi itanyamaza kidogo. Ila kunyamaza si kupona. Mtoto mwenye homa naye ananyamaza akichoka. Kwa hiyo somo hili liko na sehemu mbili: kwanza kujua kelele inatoka wapi, kisha kuchagua mafuta. Ukianza na mafuta mbele ya kusikiliza, unatupa feza.

Mafuta yanafanya nini pale ndani

Watu wengi wanafikiri mafuta yanapakwa tu juu ya vyuma ili viteleze, kama vile tunapaka mnyororo wa kinga. Hapana. Katika motere inayotembea, vilbreke (kile chuma kinene kinachozungushwa na mapistoni) haigusi kusineti zake. Inaelea juu ya tabaka ndogo sana ya mafuta, nyembamba kuliko unywele. Pompu inasukuma mafuta, mzunguko wenyewe unayavuta chini ya chuma, na chuma kinainuka. Tabaka hiyo ikikatika, chuma kinapiga chuma. Ndiyo kelele mbaya.

Vile vile mafuta yanaondoa joto, yanabeba moshi mweusi na uchafu kuyapeleka kwenye filtri, na yanaua asidi inayotoka katika mazutu iliyoungua. Hii kazi ya mwisho watu wanaisahau. Tutairudilia.

Uzito wa mafuta: tazama mawese

Wamama wanaouza mawese wanafahamu jambo hili kuliko sisi. Mawese ya Uvira saa ya mchana inamwangika kama maji. Ichukue bidoni ile ile, uipandishe Bukavu, uiamushe saa kumi na mbili ya asubuhi: imeganda, unaitoa kwa kijiko. Ni mafuta yale yale, joto tu limebadilika. Uvira iko pembeni ya ziwa Tanganyika, kwa metre karibu 770 juu ya bahari. Bukavu iko karibu 1500. Kamio ya koperative inafanya ile safari yote kwa siku moja.

Mafuta ya motere nayo yanafuata sheria hiyo, ijapokuwa hayagandi upesi kama mawese. Ndiyo sababu juu ya bidoni mnaona namba mbili, kwa mfano 15W-40. Namba ya kwanza, ile yenye W, inaonyesha namna mafuta yanatembea katika baridi: ikiwa ndogo, mafuta yanakimbia upesi asubuhi. Namba ya pili inaonyesha uzito wake motere ikiwa moto, na wanaupima kwa digri 100. Mafuta ya 50 ni mazito kuliko ya 40 katika joto hilo. Mafuta yenye namba moja tu, kama SAE 40, hayana msaada ule wa asubuhi: baridi ikiingia yanakuwa mazito sana.

Sasa, kwetu hakuna baridi ya theluji. 20W-50 haitazuia motere kuwaka, hata Bukavu. Lakini zile sekunde za kwanza mbele ya mafuta kufika juu kwenye sopape, motere inakula chuma chake yenyewe. Mafuta yakiwa mazito zaidi, sekunde zinaongezeka. Shofa anayewasha na kukanyaga gazi papo hapo anaongeza ubaya. Mwacheni awashe, asubiri taa nyekundu ya mafuta izimike, atembee polepole kilometa za kwanza. Haitaki dakika kumi na tano za kuungurumisha motere papo. Ile ni mazutu ya bure.

Kusikiliza kelele

Dizeli ya zamani inapiga kelele hata ikiwa nzima. Hiyo ni asili yake. Tunachotafuta ni kelele mupya, ao ile ambayo imebadilika. Shofa ndiye anajua. Mara mingi komite inamdharau wakati anasema «leo haisikike kama jana», lakini masikio yake ni chombo cha kwanza cha koperative.

Kama ni kelele nyembamba, ya haraka na ya kulingana, tik-tik-tik, inayotoka juu ya motere, mawazo yaende kwanza kwenye sopape. Nafasi kati ya sopape na kilbita imepanuka. Fundi anaifunga upya kwa kutumia vipande vyembamba vya chuma vya kupimia, kufuatana na kitabu. Kazi ya nusu siku. Hakuna mafuta ya dunia yatakayofunga bulo iliyolegea.

Kama ni kugonga kukali, kwa chuma, kunakozidi wakati motere ingali baridi ao wakati unakanyaga, kunaweza kutoka kwa injekteri inayotiririsha badala ya kupuliza, ao pompu ya mazutu iliyofungwa vibaya kwa saa yake. Hapo pia mafuta ya motere hayahusiki.

Lakini kama ni sauti nzito, ya chini, tung-tung, inayozidi motere ikipata moto na ikibeba mzigo katika mpando, hapo msicheze. Kelele ya namna hii inatoka mara mingi kwenye kusineti za biele ao za vilbreke. Inapungua asubuhi sababu mafuta ya baridi ni mazito, inarudi saa sita. Fundi anaweza kuhakikisha kwa kulegeza bomba la injekteri moja moja, motere ikiwa polepole: sauti ikipungua kwenye silinda fulani, amepata fasi ya ugonjwa. Kazi hii iachiwe fundi tu, tena kwa motere zenye pompu ya zamani. Mazutu inayotoka kwa nguvu inaweza kutoboa ngozi ya mkono, na jeraha hilo ni la hospitali.

Na mbele ya yote hayo: vuteni jauji. Tumeona motere iliyokuwa inalia kwa sababu mafuta yalikuwa chini ya alama. Kamio isimame fasi sawa, motere izimwe dakika kumi, jauji ifutwe, irudishwe, ivutwe tena. Mafuta yakikutwa juu ya alama bila mtu kuongeza, ni hatari kuliko yakiwa chini: maji ao mazutu imeingia. Chukueni tone, muliweke juu ya kipande cha bati kilichopashwa moto. Likipasuka-pasuka, kuko maji ndani. Yakinuka mazutu na kuwa mepesi kwenye vidole, ni mazutu. Kamio isitoke.

Manometa haina urafiki

Taa nyekundu inawaka wakati imechelewa. Manometa ya kweli, ile ya mshale, inafungwa na fundi fasi ya kifaa cha taa, na inasema ukweli katika dakika kumi. Pimeni motere ikiwa moto kabisa, kisha kupanda mlima kidogo kwa mzigo. Kitabu cha motere ndicho kinatoa namba. Kama kitabu kilipotea, mafundi wengi wanashika kipimo hiki: angalau bara 0.7 kwa kila mizunguko 1000 kwa dakika. Basi kwa mizunguko 2000, mshale usishuke chini ya 1.4.

Turuhusuni tuseme juu ya koperative moja ya bonde la Ruzizi, bila kuitaja. Kamio yao ilikuwa na ile sauti nzito. Mavuno ya mpunga yalikuwa yameanza, magunia yamejaa depo, na wanunuzi wa Bukavu wanangoja. Kipimo kilionyesha bara 0.8 kwa mizunguko 2000, kwa mafuta ya 15W-40. Wakaweka 20W-50. Mshale ukapanda mpaka 1.3, kelele ikapungua, na nusu ya komite ikapiga makofi: «Imepona!» Nusu ingine, pamoja na shofa, ikakataa. Mabishano yalikuwa makali, kwa sababu kila siku ya kusimama ilikuwa na bei yake, na mwanamemba mwenye kulipa masomo ya watoto hawezi kula maelezo ya fundi.

Fundi akafungua sahani ya chini. Kusineti mbili zilikuwa zimeisha mpaka rangi nyekundu ya shaba inaonekana. Vilbreke ilikuwa ingali laini. Wakabadilisha kusineti zote, kamio ikalala siku kumi na moja. Katika siku hizo wanamemba kadhaa waliuza mpunga wao kwa wachuuzi pale pale, kwa bei ya chini, na walikasirika. Hatutawaambia kwamba walikosea kukasirika. Lakini kama wangepanda Ngomo na 20W-50 yao, kusineti ingezunguka fasi yake na kukwaruza vilbreke. Hapo si kusineti tena, ni kuchonga vilbreke ao kununua motere ingine, na msimu mzima umepotea.

Mtaona basi kwamba mafuta mazito si sumu. Kwa motere iliyochakaa kidogo, inayofanya kazi katika joto la bonde, kitabu kikiruhusu, 20W-50 inaweza kusaidia kuendesha mpaka mwisho wa msimu. Sharti moja: muwe mmepima, na muwe mnajua ni mkopo mmechukua. Ila mafuta ya gia, yale ya 90 ao 140, ambayo watu wengine wanachanganya ndani ili kamio inyamaze siku ya kuuzwa, hayo ni wizi kwa mnunuzi na kifo kwa motere. Na zile chupa ndogo zinazoahidi «kufunga moshi» kazi yake kubwa ni kuongeza uzito. Feza yake ni heri inunue filtri.

Herufi ndogo juu ya bidoni

Tunafika penye watu wengi wanapita bila kusoma. Kando ya 15W-40 kuko herufi za API. Ikianza na S, mafuta yalitengenezwa kwa motere ya esanse. Ikianza na C, ni ya dizeli. Bidoni zingine zina zote mbili, kwa mfano CI-4/SL. Hakuna ubaya, angalieni tu kwamba ya dizeli iko.

Baada ya C kuko herufi ya pili, inayoonyesha umri. CF-4 ilianza 1990, CH-4 1998, CI-4 2002, CK-4 2016. Mtu atafikiri ya mwisho ndiyo bora kwa kila motere. Kwa kamio zetu si lazima. CJ-4 na CK-4 zilitengenezwa kwa motere za sasa zenye filtri katika bomba la moshi, zinazokula mazutu yenye sulfuri kidogo sana. Mazutu inayouzwa kwa bidoni pembeni ya njia haina karatasi inayosema sulfuri yake. Sulfuri ikiungua inazaa asidi, na mafuta lazima yawe na akiba ya dawa ya kuiua, kama vile chokaa inaua ukali wa udongo katika shamba lenye asidi. Katika karatasi ya mafuta akiba hiyo inaitwa TBN. Ikikwisha, asidi inakula kusineti na silinda, hata kama mafuta yangali mazito na mazuri machoni.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa Fuso, Dyna ao Mercedes ya zamani yenye afya ya kadiri: 15W-40, API CI-4 ao CH-4, yenye TBN ya 10 ao karibu, kutoka kwa muuzaji anayetoa fakture. Kama mnapata CF-4 tu, itumieni, ila mfupishe muda wa vidanji. Mafuta ya 5W-30 na ndugu zake mepesi, muwaachie wenye magari mapya. Mafuta ya sentetiki ni mazuri sana, lakini kumwaga mafuta ya bei kali katika motere inayomeza litre moja kila kilometa 300 ni kupanda mbegu bora juu ya jiwe.

Jambo moja la kuangalia: motere iliyokaa miaka na SAE 40 ya bei ya chini imejaa matope meusi. Ukiipa CI-4, ambayo inasafisha, matope yataanza kutoka na kuziba filtri. Vidanji ya kwanza ifanyike nusu ya muda, pamoja na filtri mupya. Ya pili vile vile. Msiogope mafuta kuwa meusi upesi. Katika dizeli, mafuta meusi ni mafuta yanayofanya kazi.

Mafuta ya uongo

Katika soko kuko mafuta yaliyokwisha kutumika, yaliyochujwa na kurudishwa katika bidoni nzuri. Rangi haisemi kitu. Angalieni kifuniko: pete ya chini iwe haijakatika, na chini ya kifuniko karatasi ya feza iwe nzima. Namba ya kundi na tarehe ziwe zimechapwa juu ya bidoni yenyewe, si kwenye karatasi tu, na bidoni mbili zisitofautiane kwa kimo ao rangi. Harufu ya moto ao ya mazutu: rudisheni. Nunueni bidoni nzima ya litre 20 kwa pamoja, koperative mbili ao tatu zikishirikiana. Mafuta ya kupimiwa kwa chupa barabarani ndiyo yanachezewa zaidi.

Na bidoni ikikwisha, toboeni. Bidoni tupu yenye jina zuri ndiyo mtaji wa mwizi.

Kaye ya kamio

Kila asubuhi shofa aandike: kilometa, alama ya jauji, litre alizoongeza, na sauti kama imebadilika. Mstari mmoja. Bila kaye hii komite inabishana kwa hewa. Tuchukue ile kamio inayomeza litre moja kila kilometa 300. Katika kilometa 5000 imemeza karibu litre 17. Kwa motere nyingi za Fuso ao Dyna hiyo inapita mafuta ya vidanji nzima. Mukizidisha kwa bei ya kwenu, kwa mwaka, mtaona kama segma mupya ni ghali ao ni rahisi. Mara mingi hesabu inafunga midomo.

Vidanji tunaishauri kila kilometa 5000 ao masaa 250 ya kazi, ile itakayotangulia. Masaa ni ya lazima sababu katika matope kamio inaweza kuunguruma siku nzima kwa kilometa 30. Filtri ibadilishwe kila mara. Filtri ya hewa nayo iangaliwe kila juma wakati wa kiangazi: vumbi letu lina mchanga ndani yake, na mchanga ukipita unasaga segma kuliko mafuta mabaya yoyote.

Mafuta yaliyotolewa

Hapa tunarudi kwenye kazi yetu ya agronome. Mafuta meusi ya vidanji yana vyuma na sumu zinazoweza kuleta kansa. Yasimwagwe katika mfereji wa mpunga, wala pembeni ya kisima. Shofa na msaidizi wanawe kwa sabuni, wasinawe kwa mazutu. Tunajua kwamba wengi wanayapaka kwenye miti ya ua ili mchwa wasile. Kama mnafanya hivyo, iwe mbali na mboga, mbali na fasi ng'ombe wanalamba, na kamwe si kwenye miti ya depo ya nafaka. Bidoni yake isibebe tena maji, maziwa wala mawese, hata ikioshwa mara kumi. Wekeni pipa moja lenye kifuniko, mliandike kwa rangi nyekundu, likae chini ya bati, nje ya depo. Likijaa, ulizeni garaji za mjini: ziko zinazoyachukua kwa ajili ya kupaka mbao za kumwagia betoni, na zingine zinalipa kidogo.